Kamba za Mwalimu Koku

Felista alinipigia simu kuniambia kwamba wanafunzi wetu wa zamani wanafanya sherehe kule Kihonda, na mgeni wa heshima ni Mwalimu Koku, anakuja na basi kutoka Bukoba. "Na wewe mama umealikwa," akaongeza. Na wewe! Nilikuwa napepeta mchele, nikaweka ungo chini. Watoto wale niliwapokea mimi kidato cha kwanza, hawajui hata kufungua mabano, nikawavumilia utoto wao wote na kamasi zao, halafu leo mimi ni "na wewe". Aliyekaa nao mwaka mmoja ndiye anayetafutiwa hoteli yenye feni na kushonewa kitenge cha sare. Niliuliza tu sherehe inaanza saa ngapi na kama kutakuwa na pilau. Felista akacheka, akasema, "Mama bwana, pilau lipo." Nikakata simu nikaendelea na mchele wangu, ila nadhani siku hiyo niliupepeta hadi ule mzima ukaruka nje, maana kuku walishiba.

Sitaanza na babu wala bibi. Ya kwetu ni mengi na hayahusiani na mwaka ninaousema. Itoshe kujua kwamba nilikuwa mwalimu kijana wa hesabu katika shule ya sekondari kule juu, kwenye mitelemko ya Uluguru, mahali ambapo unaamka asubuhi ukungu umeingia hadi jikoni na kina mama wameshashuka zamani na mizigo ya kabichi kichwani kuwahi soko la mjini. Felista ni mtoto wa dada yangu. Kwetu Waluguru mtoto wa dada yako ni mtoto wako, wala huhitaji kueleza zaidi, na aliniita mama tangu alipojua kusema. Nilikaa naye kwenye nyumba ya walimu, nyumba moja iliyokatwa katikati kwa ukuta usiofika kwenye bati. Ukipiga chafya upande huu, wa upande ule anakuitikia. Jiko lilikuwa banda la nyuma, la pande zote mbili. Ila upande wa pili haukuwa na mtu, nikawa naanikia maharage yangu humo mvua ikinyesha, na jioni mimi na Felista tulikula magimbi na chai mlangoni, namsahihisha hesabu zake huku nakula. Alikuwa kidato cha nne, mwaka wa mtihani. Nilitaka jambo moja tu katika dunia hii: afaulu hesabu, na watu waseme kafundishwa na mama yake. Sikuwa na siri juu ya hilo, nilimwambia hata padri.

Tatizo lilikuwa uwezekano. Mada zote nilizifundisha zikaingia, hiyo ikagoma. Vitabu vyenyewe vya Kiingereza, na maswali yote ni ya kete na sarafu na karata, vitu ambavyo watoto wa misheni walikatazwa hata kuvigusa. Nikifika kwenye ile michoro ya Venn, miduara miwili iliyoingiliana, nilikuwa naichora safi ubaoni kwa kutumia mfuniko wa sufuria, halafu nawakaririsha kanuni: jumlisha hiki, jumlisha kile, toa cha katikati. Waliiimba vizuri kuliko kwaya. Ukiwapa swali, wanajumlisha, wanasahau kutoa. Mtu anakuletea uwezekano unaozidi moja, yaani jambo lenye hakika kuliko hakika yenyewe, na wala hashtuki, amepigia mstari kwa rula. Felista naye hivyo hivyo. Nilimpigia kelele jioni moja hadi gimbi likamkwama kooni.

Mwalimu Koku alikuja masika yakiwa yameanza, kashikilia viatu mkononi, miguu imejaa tope hadi magotini, anacheka. Mtu anapanda mlima wetu kwenye mvua kwa mara ya kwanza, anacheka! Alikuwa mwanamke mdogo kwangu kidogo, mrefu, meno yana mwanya, na aliniita dada Skola tangu dakika ya kwanza bila kuuliza kama nataka udada. Nikatoa maharage yangu upande wa pili, akaingia. Wiki ya kwanza tu jikoni kukabadilika. Mimi nina sufuria yangu ya ugali na mboga. Yeye anamenya ndizi, anazipanga, anazifunika kwa majani ya mgomba, anapika taratibu hadi harufu inapita juu ya ukuta na kukukuta umelala. Alikuwa na kopo la senene waliokaangwa, kalileta kutoka kwao. Felista, mtoto ambaye kwangu alichagua hata dagaa, nilimkuta anatafuna panzi wa watu huku amefumba macho kwa utamu. "Onja, mama," akaniambia. Nikamwambia mimi sili wadudu. Baadaye nilipobaki peke yangu nilionja. Ni watamu, na hilo nalo liliniudhi.

Mkuu wa shule alikuwa baba mmoja mpole asiyependa kugombana na mtu, ndiyo maana alileta habari mbaya wakati wa chai ya saa nne, mbele ya walimu wote, ili nisiweze kupiga kelele. "Mwalimu Skola," akasema akikoroga chai yake isiyohitaji kukorogwa, "nimeona tumpe Mwalimu Koku kidato cha nne kwa ile mada ya uwezekano. Wewe umsaidie kidato cha kwanza. Tuone." Tuone! Tuone nini? Niliona wivu, naliandika neno lenyewe lilivyo, maana sijui kwa nini watu hulisema kwa kunong'ona kana kwamba ni ugonjwa wa aibu. Ulinikaa hapa, chini ya koo, na andazi likashindwa kupita. Koku akainamisha kichwa, akasema, "Dada Skola ndiye anayewajua, mimi nitamwuliza kila kitu." Walimu wenzangu wakamsifu kwa unyenyekevu. Yaani nimenyang'anywa darasa, na sifa pia kachukua yeye.

Kidato cha kwanza kilikuwa na chumba kinachotazama uwanja wa mstari, kwa hiyo niliona yote. Koku aliomba stoo kamba za katani zile za kufungia kuni, akawatoa wanafunzi nje, akatandika kamba mbili chini zikiwa miduara miwili mikubwa inayoingiliana. "Anayependa magimbi aingie hapa. Anayependa mihogo, hapa. Anayependa vyote, asimame pale kamba zinapokutana. Asiyependa chochote abaki nje aone haya." Wakacheka, wakakimbia. Kisha akasema, "Kila mtu anyooshe mkono mmoja kwa kila kamba iliyomzunguka." Wa katikati wakanyoosha mikono miwili. "Haya, hesabuni mikono. Sasa hesabuni vichwa." Mikono ikazidi vichwa. Nikaona uso wa Felista, aliyekuwa palepale katikati na mikono yake miwili juu, ukafunguka. "Mwalimu! Sisi tumehesabiwa mara mbili!" akapaza sauti. "Ndiyo maana tunatoa!" Mwalimu Koku alimpa tu chaki aende akaandike ukutani. Halafu akafumba macho, akazunguka, akawa anamshika mmoja mmoja bila kuona, anauliza, "Kuna uwezekano gani huyu anapenda magimbi au mihogo?" na wanamjibu kwa pamoja, sawasawa, bila kanuni yoyote ya kuimba. Nilikuwa nimeshika dirisha. Kidato cha kwanza wakaniuliza, "Mwalimu, tuandike nini?" Nikawaambia waandike tarehe.

Tangu siku hiyo nilimpoteza mtoto wangu kila alasiri. Anarudi kutoka darasani, anaweka daftari, "Shikamoo mama," anavuka upande wa pili. Nami nakaa kwangu nachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, nasikiliza. Sauti zilipita juu ya ukuta zote. Nilisikia wanavyopanga vibiriti na punje za mahindi mkekani, nikasikia Koku akimuuliza, "Kwa nini?" Kila jibu, "Kwa nini?" Mimi sikuwahi kumwuliza Felista kwa nini, nilimwuliza ngapi. Nilisikia pia wanavyonyamaza wote wawili, na kule kunyamaza ndiko kulikoniumiza zaidi, maana kwangu Felista alikuwa akinyamaza kwa hofu, kule ananyamaza anafikiri. Mtu mzima mimi, nilikuwa nafungulia redio makusudi.

Basi ikaja siku ambayo nilidhani Mungu amenikumbuka. Koku alitaka kufundisha matukio yanayoingiliana kwa mfano mwingine, akaona afanye koo. Yeye kwao Bukoba mtoto ni wa ukoo wa baba, na mama naye ana ukoo wake, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa rahisi: akatandika kamba mbili zikiingiliana, moja ya ukoo wetu, nyingine ya ukoo wa ng'ambo ya mto. Akasema, "Ambaye baba ni wa huku na mama ni wa huku, asimame katikati." Hakuna aliyesogea. Wakaangaliana, mmoja akaanza kucheka kwa chini, akaziba mdomo. Kwetu hakuna katikati. Ukoo, sisi tunasema lukolo, unaupata kwa mama peke yake. Kwa baba unapata jina na heshima, lakini hata shamba lako, hata mahali utakapozikwa, ni kwa mama. Kumwambia Mluguru asimame nusu kwa baba nusu kwa mama ni kama kumwambia akae viti viwili. Watoto waligoma kwa adabu, kila mtu anatazama vidole vya miguu yake, na Koku amebaki pale uwanjani na ncha ya kamba mkononi, hajui amekosa nini. Nilifurahi jamani! Nilifurahi hadi nikaegemea ubao nikachafuka chaki mgongo mzima.

Ndipo Felista akatoka kwenye mstari, akaenda, akasimama katikati. Peke yake. Mama yake dada yangu, baba yake mtu wa ng'ambo, mfano wenyewe uliotakiwa. Furaha yangu iliishia hapo. Sikumbuki kufika dirishani, najikumbuka nikiwa nimeshatoa kichwa nje. "Felista! Toka hapo! Wewe ni wa kwetu mzimamzima, huna nusu huko!" Shule nzima ikaangua kicheko, hadi mpishi alitoka na mwiko. Nikatoka nje, nikavuka uwanja na chaki zangu mgongoni, nikamweleza Koku mbele ya wote, na sikumweleza kwa upole: mtoto hapa ni wa mama, ukoo mmoja, haugawanyiki, na kama hajui mila za watu aulize kabla ya kutandaza kamba zake. Nilitegemea ataona aibu. Nilikuwa nimeisubiri aibu hiyo tangu masika.

Alinisikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa upande mmoja. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo dada Skola, hakuna mtu hata mmoja anayeweza kuwa ndani ya zote mbili?" Nikasema hakuna. Akainama, akashika kamba moja, akaivuta, akaivuta hadi ikaachana kabisa na nyingine. "Nimekosea mimi, jamani. Ingieni panapowahusu." Wakaingia, kila mtu kwa mama yake. "Nyoosheni mikono. Hesabuni mikono, hesabuni vichwa." Vikalingana. "Je, kuna cha kutoa?" "Hakunaaa!" "Kwa nini?" Wakapokezana kumweleza, wanarukiana maneno, hata wale wa nyuma ambao kwangu walikuwa wanasinzia: kwa sababu kamba hazigusani, kwa sababu hakuna aliyehesabiwa mara mbili, kwa sababu mtu hana mama wawili. Hilo la matukio yasiyoweza kutokea pamoja nilikuwa nimelifundisha miaka yote na halijawahi kumwingia mtu. Na sasa limeingia, limeingia kwa maneno yangu mimi, kwenye kipindi chake yeye. Mkuu wa shule alikuwa amesimama barazani. Akaja akampa Koku mkono. "Ubunifu huu, Mwalimu!" Mimi akaniambia nina chaki mgongoni. Hata kukosea, mwanamke yule alikosea vizuri.

Jioni hiyo Felista alivuka kama kawaida. Sikufungulia redio. Nilimsikia akisema, "Mwalimu, samahani kwa leo." Koku akasema, "Samahani ya nini? Wewe si Mluguru? Ulijua kwamba hakuna katikati?" "Nilijua." "Sasa ulisimama kwa nini?" Felista akasema, "Niliona umebaki peke yako na kamba. Sikupenda." Nilikuwa natwanga kisamvu. Nikaacha. Nikakaa pale kwenye kigoda, mchi umebaki kwenye kinu, nikajiuliza kama mimi ningebaki peke yangu uwanjani huyu mtoto angetoka kwenye mstari. Nilijiuliza kwa hasira, si kwa huzuni. Alipovuka kurudi nilimpakulia ugali mkubwa na kisamvu cha nazi, nikakaa namtazama anavyokula. Akaniambia kisamvu kitamu. Nikamwambia najua.

Mtihani ulipokwisha, Koku akaaga. Alisema mama yake anaumwa na amepata uhamisho arudi Bukoba. Wanafunzi walimsindikiza hadi bondeni, wamembebea hadi mikeka, na Felista alilia hadi macho yakavimba, akakataa chakula siku mbili. Mimi nilisimama mlangoni nikapunga mkono, na alipopotea kwenye kona nikaingia upande wa pili nikaanika maharage yangu. Matokeo yalipotoka, Felista alikuwa na alama ya juu kabisa ya hesabu, na barua ya kwanza aliyoandika haikuwa ya kwangu. Ni kweli nilikuwa chumba kimoja naye, angeniandikia barua ya nini? Lakini aliiandikia kwenye meza yangu, kwa kalamu yangu, na mimi ndiye niliyeshuka nayo posta mjini. Leo Felista anafundisha takwimu chuo kikuu, na watu wakimwuliza alianzia wapi, mimi hujifanya natafuta miwani.

Basi juzi nikavaa, nikaenda Kihonda. Waliniweka meza ya mbele, lakini kiti cha pembeni, karibu na spika. Koku amenenepa, ana miwani mizito na ule mwanya wake bado upo. Felista akasimama kuzungumza, suti yake nzuri, mimi ndiye niliyempigia pasi asubuhi. Akasimulia kamba. Akasimulia magimbi na mihogo, mikono na vichwa, akasimulia hata siku ya koo, na ukumbi ukacheka alipofika kwenye kichwa changu dirishani. "Mwalimu Koku ndiye aliyenifundisha kufikiri," akasema. "Kila ninachokijua kilianzia kwenye kamba zile." Makofi. Nikapiga na mimi, nikapiga sana, ili isionekane. Kisha akasema anamshukuru pia mama kwa malezi. Malezi! Miaka minne ya hesabu, kaiita malezi. Pilau liliwekwa mbele yangu, zuri, nyama kubwa, na halikupita, kama lile andazi.

Muziki ukafunguliwa, watu wakainuka kucheza. Koku akavuta kiti chake karibu na changu, akakaa anamtazama Felista anavyocheza na wenzake. Halafu akainama sikioni kwangu. "Dada Skola, nikwambie kitu? Mama yangu hakuwa anaumwa mwaka ule. Niliomba uhamisho kwa sababu yako." Nikamgeukia. "Nilikuwa nakuonea wivu, dada, hadi nikaogopa. Mtoto namfundisha, namlisha, tunacheka. Giza likianza tu, anakusanya vitu vyake. 'Mwalimu, naenda, mama ananingoja.' Kila siku. Hata siku ile nilipokosea, akaja kunibembeleza, nikasema leo atakaa. Akasikia mchi umenyamaza upande wako, akainuka, akasema, 'Ngoja nikamwangalie mama.' Nikasema hapana, nisipoondoka hapa nitamwiba mtoto wa mtu. Wewe siku zile hukuwa unamfundisha hata kidogo, na bado alikuwa wako mzima."

Muziki ulikuwa unapiga hapo sikioni, spika inatikisa hadi glasi. Nikaweka mkono nyuma ya sikio, nikamwambia, "Eh? Sijasikia, Koku. Rudia." Akasogea karibu zaidi, akarudia yote tangu mwanzo, taratibu, kwa sauti kubwa, nami nikawa nakula pilau langu. Nilikuwa nimesikia vizuri kabisa mara ya kwanza.